Somo Wetu Hayumo Kwenye Kalenda

Mzee aliyechapwa katikati ya kitenge chetu, mwenye kanzu nyeupe, kalamu mkononi na duara la dhahabu kichwani, hakuwahi kuwa mtakatifu. Nasema mapema ili asije mtu akanilaumu mbele ya safari. Alikuwa mmonaki wa Kisitoo, wale wa zama za kati huko Ulaya waliovaa nyeupe, wakalima mashamba yao wenyewe na kunyamaza sana, na kazi yake ilikuwa kuandika maisha ya watakatifu. Watakatifu wengine. Yeye mwenyewe hakutangazwa na papa wala askofu. Aliyemtangaza ni fundi mmoja wa Kariakoo, na sisi tukavaa.

Jina lake silitaji. Ameshasumbuliwa vya kutosha.

Jumuiya yetu ni ya Wakatoliki wanaosema Kiswahili kuanzia Lanham mpaka Manassas, huku ughaibuni, maana yake ni jumuiya ya watu wanaochelewa. Mtu akitoka Manassas Jumamosi mchana, Beltway, barabara kuu ya kuzunguka mji, ikiwa imesimama kama kawaida yake, hufika wakati wa sala ya kufunga na kuanza kuulizia chakula. Tuko Watanzania, Wakenya na Wakongo, na kila upande una hakika kwamba Kiswahili ni chake na wengine wameazima tu.

Mimi ni katibu. Kazini kwangu, ofisi moja ya mambo ya kompyuta huko Falls Church, nashinda kutwa nikiwaambia watu kwenye simu wazime mashine kisha waiwashe tena. Lakini kwenye jumuiya mimi ni mtu wa kalamu. Mtoto akipata komunio ya kwanza, naandika risala. Watu wakioana, naandika historia ya maharusi, nikiruka yale ya kuruka. Mtu akifa, naandika wasifu wa marehemu, na hapo naruka zaidi. Kisha napewa pilau kwenye sahani iliyofunikwa foili na kuambiwa Mungu akubariki. Naishi peke yangu kwenye apatimenti karibu na barabara ya Route 7, na friji yangu imejaa shukrani za watu.

Sasa, kwa kawaida yetu kila jumuiya lazima iwe na somo, yaani mtakatifu wake wa kuiombea, na sikukuu ya somo huwa na misa, sare na chakula. Sisi hatukuwa na somo. Tulikuwa tunaitwa "ile ya Lanham", kama kituo cha mafuta. Tulipokaa kuchagua ndipo tulipogundua kwamba tumechelewa na huko pia. Mama wa Mungu alishachukuliwa na jumuiya nyingine kwa majina yake karibu yote. Mitume walikwisha. Waliobaki tukawagombania wenyewe: Wakenya wakileta wa kwao, Watanzania tunamkataa; Watanzania tukileta wetu, Wakenya wanauliza huyo ndiye nani. Ilifika mahali watu wazima wanapigiana kelele juu ya nani ana miujiza mingi, na wali unapoa.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyetuponza, ni mzee wetu wa Kikongo, mtu wa Bukavu, dereva wa gari la kupeleka wagonjwa kliniki. Sisi sote twamwita Papa, kama Wakongo wamwitavyo baba. Papa hapiti penye mauzo ya vitabu vya zamani asisimame, na siku ile alikuja na kitabu kikubwa cha watakatifu alichokipata kwenye chumba cha chini cha kanisa moja. Akakifungua ukurasa wa mbele, akakiinua juu tuone. Picha ilimwonyesha mmonaki amekaa kwenye meza ya kuandikia, na nyuma ya kichwa chake duara linang'aa.

"Voilà," akasema Papa. "Huyu hakuna mutu alimuchukua."

Tukatazamana. Hakuna mtu aliyemchukua: hiyo ndiyo sifa iliyotupatanisha. Jina lake lilikuwa kwenye jalada kwa herufi kubwa, na juu yake neno "watakatifu" kwa Kiingereza. Ushahidi gani zaidi tena? Hakuna aliyegeuza ukurasa wa pili. Kitabu kilikuwa kinene, na chakula kilikuwa kimeshapakuliwa.

Mwenyekiti wetu ni mama wa Kikenya, nesi, mtu ambaye akisema kikao kimefungwa hata kuku aliyeko mdomoni lazima amezwe. Yeye ndiye aliyepiga picha ule ukurasa na kuutuma Dar es Salaam kwa fundi wa kuchapa vitenge. Tarehe ya sikukuu akaipanga mwenyewe, Jumamosi ambayo hana zamu hospitali na ukumbi wa parokia hauna harusi. Papa alipouliza kama ndiyo tarehe hasa ya mtakatifu, mwenyekiti akamwambia mtakatifu yeyote mwenye akili ataelewa.

Vitenge vikaja kwenye sanduku la msafiri. Fundi hakutaka kuchapa tu kama kasuku. Alichangia kipaji chake. Alimwongezea mmonaki ndevu, akamwekea njiwa kila pembe, na lile duara la kichwani akalipaka dhahabu mpaka linaumiza macho. Chini akaandika UTUOMBEE. Kusema kweli kitenge kilipendeza, na mimi nilishonewa shati.

Na hapo ndipo anapoingia Shosho.

Shosho ni mama yake mwenyekiti, aliyekuja kutoka Kenya kukaa na wajukuu. Jina hilo ni la Wakenya la kumwita bibi, lakini sisi sote tulishalichukua. Shosho alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa hataki mtu alitaje jambo hilo. Nilimshuhudia siku moja akilikaribisha chai koti la Papa lililotundikwa mlangoni, na koti liliponyamaza akaliambia lisione haya. Siku nyingine aliunga maharage kwa sabuni ya vyombo. Maharage yakatoa povu, na sisi kwa adabu tukala. Daktari alishamwambia mwenyekiti waziwazi: hao watoto wa jicho wamekomaa, wakiachwa zaidi itakuwa vigumu kuwatoa, na mama ataishia gizani. Mwenyekiti alibembeleza, akagomba, akalia. Shosho hakutikisika.

"Kisu kwa jicho," alisema, "na mimi niko macho, nakiona kikikuja? Apana. Wacha nibaki na hii ukungu yangu, nimeizoea."

Mwenyekiti anawahudumia wagonjwa wa watu wengine kutwa nzima, na hakuweza kumfikisha mama yake mwenyewe kwa daktari. Aliwahi kukaa kwenye gari lake nje ya ukumbi, akaniambia anaogopa siku ambayo mama yake atamuuliza kama taa zimewashwa. Sijui kuwafariji watu. Nilimwambia nitaandika chochote akitaka.

Kitenge kilipokuja, Shosho alikileta karibu na pua, akakipapasa, akaniuliza huyu somo wetu alikuwa anafanya nini.

"Aliandika vitabu, Shosho. Miaka yote. Usiku kwa mshumaa."

"Kwa mshumaa?" Akafikiri. "Basi huyo anajua maneno ya macho."

Akaanza novena, zile sala za siku tisa mfululizo, kwa mmonaki. Akaimaliza, akaanza nyingine. Tulikuwa hatujawahi kumwona mtakatifu akifanyishwa kazi namna ile. Na Jumamosi moja, katikati ya kikao, Shosho akaweka kikombe chini na kumwambia binti yake: "Pigia daktari simu. Mimi na huyu mzee tumeongea."

Mwenyekiti hakusubiri hata kikao kiishe. Akatoka nje na simu, akarudi anafuta macho. Upasuaji ulikuwa umepangwa Jumanne, siku chache tu baada ya sikukuu ya somo. Papa alipiga makofi kana kwamba yeye ndiye atakayepasua.

Wiki moja kabla ya sikukuu, nikiwa kazini, padri akanipigia simu. Padri wetu ni Mtanzania anayesomea sheria za Kanisa hapa mjini, mtu mwenye kunyoosha mambo mpaka yakunjike. Ndiye aliyetakiwa kuja kutusomea misa.

"Tumsifu Yesu Kristo, katibu."

"Milele amina, padri."

"Huyu somo wenu hayupo."

"Hayupo wapi, padri?"

"Kwenye kalenda. Nimetafuta kwenye yetu, nimetafuta kwenye ya Wasitoo wenyewe. Wale aliowaandika wamo. Yeye hayumo."

Nikamwambia labda sikukuu yake imehamishwa.

"Katibu," padri akasema taratibu, "mtu anahamishiwa sikukuu akiwa nayo."

Kitabu cha Papa kilikuwa ndani ya gari langu, maana nilitakiwa kuandika historia ya somo ya kusomwa siku hiyo. Saa ya chakula nikaenda kukaa garini na, kwa mara ya kwanza katika jumuiya nzima, nikageuza ukurasa wa pili.

Mambo yakawa wazi haraka. Bwana huyu alikuwa mwandishi wa kuagizwa. Askofu akiwa na kanisa lenye mtakatifu wa kale asiyejulikana vizuri, anamwita mmonaki wetu: tuandikie. Bwana mkubwa naye akitaka wa kwake: tuandikie. Akiletewa maandishi ya zamani yenye lugha mbovu, anainyoosha. Pakikosekana habari, anauliza wazee. Wazee nao wakikosa, anaweka muujiza unaoelekea kufaa. Mwanzoni mwa kazi anajitetea kwamba hana kipaji na ameharakishwa, kisha anaendelea kurasa na kurasa. Mtakatifu wake mmoja aliwakemea mabata walioiba shayiri ya monasteri, wakarudi kwa mstari wakaitapika. Mwingine alimfufua ng'ombe aliyekwisha kuchemshwa. Na yeye mwenyewe? Hajulikani alizaliwa lini, hajulikani amezikwa wapi. Hakuna aliyeagizwa kumwandika.

Nilicheka peke yangu mle ndani ya gari mpaka mama mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake akaongeza mwendo. Halafu nikaacha kucheka. Nilikumbuka wasifu wa marehemu mmoja ambaye nilisema alipenda amani, na ukumbi mzima ukainamisha vichwa kwa sababu tulikuwa tunamjua. Nikaona kwamba kama huyu mzee angefufuka leo, tungempa ukatibu.

Nikaitazama tena ile picha ya mbele, safari hii na miwani. Lile duara nyuma ya kichwa lilikuwa dirisha. Lina vioo. Lina hata komeo.

Nikampigia Papa.

"Mais non, katibu," akakataa. "Dirisha iko na rangi ya zahabu?"

"Ni jua, Papa. Linapiga kwenye kioo."

"Jua inapiga nyuma ya kichwa yake tu, haipige kwingine? Ile ndiyo miracle yenyewe!"

Nikamwacha na muujiza wake, nikampigia mwenyekiti. Yeye hakubishana. Nikasikia mashine za wodini zikilia nyuma yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Padri."

"Padri si shida. Padri anaweza nyamaza. Shida ni mamangu." Sauti yake ikashuka. "Katibu, skiza. Tume-confirm Tuesday. Akijua huyu mtu si saint, ata-cancel, na hatarudi tena. Namjua. Hiyo historia yako, usiseme ni mtakatifu, usiseme si mtakatifu. Wewe si ni mtu wa kuandika? Andika."

Ndivyo maaskofu walivyomwambia mmonaki, nina hakika, labda bila mashine kulia nyuma.

Padri naye alikubali kwa masharti. Atasoma misa ya siku hiyo kama ilivyo kwenye kalenda. Kitenge hatakibariki, hatakilaani, hatakigusa.

Nikaandika. Naweza kusema bila aibu kwamba ilikuwa kazi safi. Nilisema somo wetu "aliwatumikia watakatifu", "aliishi karibu na utakatifu", "jina lake halitengani na watakatifu". Hakuna sentensi ya uongo hata moja, na hakuna hata moja ambayo ungethubutu kuisema huku umeshikwa mkono.

Jumamosi ya sikukuu nilifika Lanham mapema, nyumbani kwa mwenyekiti, ili tuondoke pamoja kwenda ukumbini. Mwenyekiti alikuwa jikoni anafunga masufuria. Shosho alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa sare yake mpya, mmonaki kakaa sawasawa kifuani.

"Katibu, ni wewe? Kuja hapa. Nisomee mimi kwanza. Huko watu watakuwa na kelele."

Nikaketi, nikasoma. Nilipofika kwa mabata, Shosho akacheka mpaka akakohoa. Nilipomaliza kwa ng'ombe aliyefufuliwa kutoka sufuriani, akaniuliza, "Huyo ng'ombe alimfufua yeye?"

"Hapana, Shosho. Ni mtakatifu aliyeandikwa naye."

"Na mabata?"

"Mtakatifu mwingine aliyeandikwa naye."

"Na yeye? Yeye mwenyewe alifanya nini?"

"Aliandika."

"Akishamaliza kuandika?"

"Akaandika kingine."

Jikoni masufuria yalikuwa yamenyamaza. Shosho akanyoosha mkono hewani, akautafuta wangu, akaupata, akaushika kwenye kifundo. Macho yake yalikuwa meupe kwa ndani, yananitazama sikioni.

"Katibu. Huyu mzee ako mbinguni ama hayuko?"

Nilikuwa na sentensi nyingi nzuri kwenye ile karatasi. Nilizipitia zote kichwani. Lakini huyu mama alikuwa anakwenda kufungua jicho lake Jumanne kwa sababu ya mtu niliyemsifia mimi, na kama kisu kingeteleza ningebaki na karatasi yangu. Nikaogopa. Sikuwa jasiri, niliogopa tu.

"Sijui, Shosho. Kanisa halijasema. Si mtakatifu. Tulikosea."

Kitu kikaanguka jikoni. Mwenyekiti akatokea mlangoni, mwiko mkononi, akinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu shule ya msingi.

Shosho hakuachia mkono wangu. "Amekufa lini?"

"Zamani sana. Miaka mia nane na zaidi."

"Na hao aliandikia, wote wako mbinguni?"

"Wako."

"Wamekaa."

"Wamekaa, Shosho."

"Wako na makanisa. Wako na sikukuu."

"Wanazo."

Akaniachia mkono, akapiga paja lake kofi. "Miaka mia nane! Mtu amewaandikia vizuri, hata mabata zao ameandika, na hakuna hata moja amegeuka kumwangalia? Hata kumuuliza, wewe, umefika wapi? Si basi ako toharani mpaka saa hii, anangojea kusafishwa aingie mbinguni!"

"Hatujui, Shosho."

"Kama haujui, basi ako huko." Kisha akajishika mdomo. "Na mimi nimekuwa nikimsumbua na macho yangu. Novena juu ya novena. Mtu ako na shida zake!"

"Mum," mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa imekatika, "tafadhali. Hiyo haibadilishi Tuesday."

"Nani amesema siendi?" Shosho akamgeukia, au akaugeukia upande wa sauti. "Naenda. Nitalala hapo wanikate, na hiyo uchungu yote iende kwa huyu mzee, imsukume mbele. Hana mtu mwingine."

"Mum, hautasikia uchungu. Wanaweka matone ya ganzi."

Shosho akafikiri.

"Basi waweke kidogo," akasema.

Mwenyekiti alikaa chini palepale sakafuni, na mwiko wake, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nilikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni.

Ukumbini nilisema bila kusoma. Niliwaambia somo wetu ni nani na si nani. Papa akasimama, mkono kifuani, akasema kitabu amekileta yeye na macho yake ndiyo yalikosea, akaomba pardon, akaketi. Kijana wetu mmoja wa Manassas, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika, akauliza kama basi vitenge virudishwe. Aliyejibu ni Shosho, kutoka kiti cha mbele.

"Vaeni! Mtu unamuombea bila kujua sura yake?"

Misa ikaendelea. Mwishoni mwenyekiti, kwa mazoea tu, akatamka, "Somo wetu," na sisi sote kwa mazoea hayohayo tukaitikia, "Utuombee." Shosho peke yake, kwa sauti ya kushinda ukumbi, akaitikia kama tunavyowaombea marehemu, "Mwanga wa milele umwangazie, ee Bwana!" Padri aliganda, mikono juu. Nilimwona akipitia sheria zote kichwani. Kisha akatabasamu.

"Hiyo inaruhusiwa," akasema.

Jumanne Shosho alitaka na mimi niwepo. Kliniki haiko mbali na kwangu, nikaomba ruhusa kazini nikawakuta mapokezini. Alikuwa amejifunga kitenge mabegani na hataki kuvuliwa. Nesi, mama wa makamo mwenye subira, akauliza kwa Kiingereza huyo bwana wa kwenye nguo ni nani. Mwenyekiti akatafsiri.

"Mwambie ni mtu wangu," Shosho akasema. "Ako na shida kidogo, namsaidia."

Mwenyekiti akamgeukia nesi. "He's family," akasema. Nesi akaitikia kwa kichwa, akamruhusu aingie nacho mpaka mlango wa pili.

Hakukaa sana. Alitoka amefunikwa jicho moja, amekasirika.

"Imeuma, Shosho?"

"Hata kidogo! Nimengoja, nimengoja, wakaniambia imeisha. Sasa nitampelekea nini huyo mzee?"

Tulimtia garini akinung'unika, na mimi nikaingia nyuma kumshikia mto. Beltway ilikuwa imesimama, magari hadi macho yanapoishia. Mwenyekiti alikuwa hajala tangu asubuhi, akaanza kusema maneno ambayo nesi hapaswi kuyasema. Shosho akamgusa bega.

"Wacha kutukana. Hii jam itafaa. Hii tumpatie yeye."

Na tukampa. Tulimpa kila taa nyekundu, na lori lililotuingilia mbele, na njia tuliyoikosa ya kutokea. Sijui toharani hesabu zinakwendaje, lakini kama foleni inahesabiwa, jioni ile mzee alisogea.

Kesho yake, baada ya kazi, nilipitia Lanham. Kifuniko kilikuwa kimeondolewa asubuhi. Shosho alikuwa amekaa karibu na dirisha, anatazama kila kitu kwa hasira ya mtu aliyefichwa habari: vumbi juu ya televisheni, mikunjo ya uso wa binti yake. Nilipoingia akanikazia jicho lake jipya kwa muda mrefu.

"Wewe ni nani?"

"Katibu, Shosho."

"Wewe? Kumbe uko na mvi!" Akageukia jikoni. "Uliniambia ni kijana!"

"Nilisema hajaoa, Mum. Sikusema kijana."

Kisha akakichukua kitenge kutoka mkono wa kochi, akakikunjua magotini, akamtazama mmonaki kwa mara ya kwanza. Akamtazama ndevu za Kariakoo, na kalamu, na macho ambayo fundi aliyachora yamekodoka.

"Ona vile amechoka," akasema. "Huyu hata yeye angehitaji daktari." Akaninyooshea kidole. "Mnafanana, unajua? Wewe huandikia watu wakioa. Unawaandikia wakikufa. Wewe ukikufa nani atakuandikia?"

"Nitajiandikia mwenyewe mapema, Shosho. Niwaachie."

Ni jibu ambalo huwachekesha watu. Shosho hakucheka. Mwenyekiti aliacha kukoroga jikoni. Nilitazama zulia, na nilihisi jambo ambalo sikulitegemea, huzuni kabisa, tena ya zamani, kama mtu aliyekumbushwa kwamba nyumbani kwake hakuna mtu. Nilitamani mtu awashe televisheni.

Shosho alitoa rozari yake. Aliomba kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, haraka kama anavyoomba siku zote, kwa ajili ya daktari, na nesi, na wajukuu wanaojibu kwa Kiingereza, na jicho la pili ambalo ni mwezi ujao na ambalo ameshawaambia wapunguze ganzi. Mwisho akapunguza mwendo.

"Na mmonaki wetu," akasema, "na huyu katibu. Wanaandika watu wote, na hakuna mtu anawakumbuka. Hawa wawili ni wangu."

Mwenyekiti akaitikia amina kutoka jikoni. Mimi nilichelewa. Shosho alinigeukia na lile jicho moja, akangoja mpaka nikaitikia.